Usiku Thelathini wa Godoro Jipya

Salamu ya asubuhi ya Kidawida, kwawuka mana, inauliza kama mtu ameamka vyema. Mwezi ule niliponunua godoro la sponji, futi nne kwa sita, unene inchi nane, niliitikia salamu hiyo kwa adabu kila siku huku kiuno kinaniuma. Usiku wa tano nilikuwa nimeshatafuta kamba ya kulifunga ili nilirudishe mjini Voi. Aliyenizuia ni jirani yangu, mama mtu mzima ambaye watu wengi hapa kwetu Kishushe humwendea kwa ushauri. Aliliangalia godoro, akaangalia kitanda, akaniambia, "Mwanangu, umelala kwenye shimo miaka kumi. Mgongo wako umelizoea shimo. Sasa umeuwekea sakafu iliyonyooka, unadhani utanyamaza?"

Alisema kweli. Godoro jipya la sponji linahitaji muda, na mwili nao unahitaji muda. Mimi hupendekeza usiku thelathini kabla ya kutoa hukumu. Lakini muda peke yake hautibu kitanda kilichobonyea wala nailoni isiyoondolewa, na hautibu kabisa yale mazoea tuliyorithi kutoka magodoro ya sufi na pamba. Godoro la sufi lilianikwa juani, likapigwa kwa fimbo hadi likafura, na mwaka ukiisha lilifumuliwa likajazwa upya. Mambo hayo yote ni sumu kwa sponji. Nimeona magodoro mazuri yakifa kabla ya mwaka kwa sababu yalitunzwa kwa upendo, ila ulikuwa upendo wa godoro la bibi.

Hatua ya 1: Lipime kabla halijatoka Voi

Kazi ya kulala vizuri huanzia dukani. Kutoka Voi hadi Kishushe godoro hupanda juu ya gari la abiria au mgongoni mwa bodaboda, na kulirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine. Basi lichunguze ungali mjini.

Wauzaji huyataja magodoro mazito kuwa "hai densiti", na wengi wetu husikia neno hilo tukadhani ni ugumu. Si ugumu. Ni uzito wa sponji katika nafasi yake, yaani ni kiasi gani cha sponji halisi kimo ndani na kiasi gani ni hewa. Sponji inaweza kuwa nzito na bado laini. Nyingine ni ngumu ukiibonyeza kwa kidole dukani, lakini ni nyepesi, na baada ya miezi michache inaacha bonde mahali pa nyonga. Ubonyezaji wa kidole haukuambii lolote. Mizani inakuambia.

Hesabu yake ni hii. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa futi. Godoro la futi 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 ni futi 16 za ujazo. Sponji ya kilo 25 kwa kila mita moja ya ujazo, ambayo inamfaa mtu mzima wa kawaida, huwa na uzito wa takriban gramu 700 kwa kila futi ya ujazo. Kwa hiyo godoro hilo lapaswa kukaribia kilo 11. Lile la mwanafunzi, futi 3 kwa 6 kwa inchi 6, ni futi 9 za ujazo, nalo likifikia ubora huo litakaribia kilo 6 na nusu. Mizani ya duka la nafaka inatosha. Ukiambiwa godoro la inchi nane ni zito na bora, kisha mizani ikasoma kilo 7, unauziwa hewa.

Tazama pia alama ya ubora ya KEBS kwenye lebo. Chini yake huwa na namba ya kibali. Andika SM, uweke alama ya #, kisha namba hiyo, utume ujumbe kwa 20023, na utajibiwa kama kibali ni halali. Chukua risiti iliyoandikwa ukubwa, aina na tarehe. Lebo usiikate hata kama inaharibu sura ya godoro. Siku ya malalamiko, risiti na lebo ndizo zitakazokusemea.

Hatua ya 2: Vua nailoni

Nyumba nyingi utakuta godoro la miaka miwili bado limevaa nailoni ya dukani. Ninaelewa sababu. Vumbi letu ni jekundu, linaingia kila mahali, na mtu aliyedunduliza pesa miezi kadhaa hataki kuona kitu chake kimechafuka. Hata hivyo nailoni huzuia jasho lisikauke, hukufanya uamke umelowa, hupiga kelele kila unapogeuka, na ndani yake unyevu huleta ukungu. Kwa mtoto mchanga ni hatari kubwa zaidi, kwani inaweza kumziba pumzi. Ivue yote, uikunje na kuitupa mbali na watoto. Ukihofia vumbi, lishonee godoro foronya kubwa ya kitambaa cha pamba yenye zipu, kisha uifue kila inapobidi.

Likishavuliwa, liache limekaa wazi siku moja au mbili. Harufu ile kali ya siku za kwanza ni gesi zilizobaki katika vitundu vya sponji tangu kiwandani, na dawa yake ni upepo. Lisimamishe ndani ya nyumba karibu na dirisha, au barazani kwenye kivuli, ulifunike leso nyepesi kwa ajili ya vumbi. Kama limekunjwa au kubanwa kwa ajili ya safari, siku hizo mbili zitalipa nafasi ya kujaa tena. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasilalie mpaka harufu ipungue.

Ninasema kivulini na ninasisitiza. Jua la Kishushe ni kali, na sponji ikipigwa na jua hugeuka manjano, ikakauka, ikaanza kupukutika kama mkate wa juzi. Anayelianika godoro uani kila Jumamosi analimaliza kwa mikono yake.

Hatua ya 3: Tengeneza kitanda kwanza

Hapa ndipo jirani yangu alipoligundua tatizo langu la pili. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya godoro, akahesabu mbao. Zilikuwa nne. Kati ya mbao na mbao ungeweza kupitisha kichwa cha mtoto. Sponji haina mifupa. Pasipo na mbao, itazama, na kiuno chako kitazama nayo.

Mwite fundi seremala aongeze mbao hadi nafasi kati ya moja na nyingine isizidi inchi tatu, na kama godoro lako ni pana, aweke mhimili katikati wenye mguu unaofika sakafuni. Ikiwa una kitanda cha kamba, na kaunti yetu ya mkonge haijawahi kukosa kamba, kiwambe upya. Kamba zilizolegea katikati zitalipinda godoro jipya kama machela ndani ya juma moja. Ukimaliza kukiwamba, tandika mkeka mnene juu ya kamba ndipo uweke godoro, ili kamba zisikate sponji.

Anayelala sakafuni aweke kitu kati ya saruji na godoro: mbao za kubebea mizigo, au angalau mkeka, na asubuhi alisimamishe ukutani. Jasho la usiku hushuka, likakutana na ubaridi wa saruji, na upande wa chini huota ukungu bila mtu kujua.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya: kuweka godoro jipya juu ya la zamani ili "pawe juu". La juu litafuata umbo la lile la chini. Umenunua godoro jipya na bado unalala kwenye shimo lile lile. Lile la zamani lina kazi nyingine, nitaitaja hapo chini.

Hatua ya 4: Usiku wenyewe

Sponji hii tunayoilalia ni poliyurethani, kitu ambacho msingi wake uligunduliwa na mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Ni povu lililoganda. Ndani yake mna vitundu visivyohesabika, na godoro linapotoka kiwandani baadhi ya kuta za vitundu hivyo bado zimekaza. Unapolala juu yake usiku baada ya usiku, kuta hizo hulegea kidogo na hewa ikaanza kupita kwa urahisi. Ndiyo maana godoro la wiki ya nne huwa tulivu zaidi kuliko la usiku wa kwanza bila kuwa limeharibika.

Unaweza kulisaidia. Mara mbili tatu katika wiki ya kwanza, tandika shuka, vua viatu, utembee juu yake polepole kwa magoti kutoka kichwani hadi miguuni, ukigusa kila sehemu kwa usawa. Watoto wasirukeruke mahali pamoja, kwani hapo ndipo shimo litakapoanzia. Kila baada ya wiki mbili, ligeuze upande wa kichwa uende miguuni. Baada ya miezi mitatu ya kwanza unaweza kuligeuza mara moja kila miezi mitatu. Kulipindua juu chini inategemea: kama pande zote mbili zinafanana, lipindue, kama juu kuna tabaka laini lililoshonewa, liache.

Tegemea kwamba usiku wa kwanza hadi wa saba utakuwa mgumu. Misuli iliyozoea kujikunja kulifuata bonde la godoro la zamani inaanza kunyooka, na inauma kama inavyouma siku ya kwanza ya jembe baada ya kiangazi kirefu. Maumivu hayo huwa mazito asubuhi, hupungua ukishaanza kutembea, na kila wiki huwa madogo kuliko wiki iliyopita. Ukiwa na nafasi, lala juu ya godoro jipya nusu ya usiku tu katika siku tatu za mwanzo. Mimi sikuwa na kitanda kingine, nikavumilia.

Maumivu yanayozidi kila wiki, yanayoshuka mguuni, au yanayoleta ganzi, hayo si ya godoro. Nenda kituo cha afya.

Hatua ya 5: Mto na mkao

Watu hubadilisha godoro wakasahau mto. Godoro la zamani lilikuzamisha, kwa hiyo mto mnene ulikufaa. Godoro jipya limekuinua, na mto ule ule sasa unaikunja shingo. Ukiona shingo inauma na kiuno hakiumi, punguza mto kabla hujalilaumu godoro.

Jaribu hivi. Lala chali, upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa shida kidogo, uko sawa. Kikipita kirahisi na nafasi ikabaki, godoro bado ni gumu kwako: kunja leso mara kadhaa uiweke chini ya kiuno, au weka mto mdogo chini ya magoti. Kisipopita kabisa na nyonga zimezama, sponji ni laini mno. Anayelala ubavu aweke mto au nguo iliyokunjwa kati ya magoti, nyonga zitatulia. Mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho alale ubavu, asilale chali.

Wazee wetu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, humwambia mwenye mgongo mbovu alale kwenye ubao. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliolalia magumu. Siku tisini, si usiku tano. Nilipousoma utafiti huo nililishukuru neno la jirani yangu mara ya pili.

Hatua ya 6: Joto, vumbi na ndovu

Ushauri mwingi wa magodoro umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Kule Wundanyi, ambako ukungu hushuka jioni na blanketi haliwekwi mbali, sponji ni rafiki. Sisi wa nyanda za chini tunalala chini ya mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa, na sponji hushika joto la mwili na kulirudisha kwako. Hasa ile inayobonyea polepole na kushika umbo la mtu, hiyo hulainika zaidi joto likipanda, ukajihisi umezama. Ukiishi Kishushe, usiinunue.

Kwa godoro la kawaida, tandika shuka la pamba, si la nailoni linaloteleza. Usiku wa Februari joto linapokataa kutoka, tandaza mkeka wa ukindu juu ya shuka na ulale juu ya mkeka. Hewa itapita chini yako na ulaini wa sponji bado utauhisi. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikitundikwa dirishani, hupoza chumba kweli kweli. Leso hiyo pia hushika vumbi.

Angalia na chandarua. Godoro la inchi nane limekuinua kuliko lile la inchi nne, na chandarua cha zamani huenda sasa hakifiki chini ya godoro. Teremsha kifundo cha juu hadi pindo liingie chini pande zote nne, au ununue kirefu zaidi. Mbu hahitaji zaidi ya upenyo mmoja.

Na sasa ndovu. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, na mahindi na ndengu zinapokaribia kukomaa wao wanajua kabla yetu. Miezi hiyo watu wazima wa Kishushe hawalali usiku. Wako dunguni na tochi, mabati ya kugonga na moto. Anayerudi nyumbani alfajiri na kulala mchana juu ya sponji, chini ya bati, anaamka saa tano jasho linamtiririka na kichwa kizito, kisha usiku anarudi kulinda. Wiki mbili za namna hiyo humvunja mtu kuliko jembe.

Kwa walinzi hao ninashauri hivi. Lala mara tu unapofika, kabla bati halijapata moto. Chai na maongezi yangoje. Shusha godoro chini juu ya mkeka, kwa sababu joto hukaa juu na sakafu bado ina ubaridi wa usiku. Funika dirisha kwa kitambaa kizito lakini acha upenyo wa hewa. Kisha alasiri, jua linapopungua, lala tena saa moja chini ya mti. Na mkipokezana zamu za kulinda, ugaweni usiku mara mbili ili kila mmoja apate angalau saa nne za giza kitandani. Kipande cha godoro la zamani, kile ambacho hakijabonyea, kikatwe kipelekwe dunguni. Hiyo ndiyo kazi yake niliyoiahidi. Usilichome uani: moshi wake ni sumu.

Hatua ya 7: Moto na maji

Sponji inashika moto haraka kuliko mtu anavyoweza kuamka na kukimbia, na moshi wake unaua kabla moto haujafika mwilini. Koroboi, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visiwekwe kitandani, kwenye kiti kando ya kitanda, wala chini yake. Hata betri ya taa ya sola isichajiwe juu ya godoro. Kama umeme au sola haipo, weka taa ya moto upande wa pili wa chumba, chini, juu ya kitu kisichoungua. Hili halina nusu wala robo.

Mtoto akikojoa, usimwage maji juu ya godoro. Gandamiza kitambaa kikavu kwa nguvu, ubadilishe kingine hadi kisitoe unyevu, pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, gandamiza tena, ulisimamishe kivulini kwenye upepo. Anayekojoa kila usiku awekewe mpira wa nusu ya kati tu, chini ya shuka, uliobanwa imara. Kagua mishono kila mwezi kwa ajili ya kunguni, na kwa uangalifu zaidi shule zinapofungwa, maana husafiri ndani ya masanduku na magodoro ya bweni.

Hatua ya 8: Usiku wa thelathini

Siku ya kwanza andika tarehe ukutani au kwenye simu. Usiku wa thelathini ukifika, toa shuka, ulaze ufito ulionyooka kutoka ukingo mmoja wa godoro hadi mwingine, mahali pa nyonga, upime nafasi iliyo kati ya ufito na sponji. Alama ndogo ya mwili ni kawaida. Bonde la inchi moja na nusu lisilorudi hata baada ya kuliacha siku nzima bila kulaliwa, baada ya mwezi mmoja tu, ni sponji dhaifu. Lipige picha pamoja na ufito na rula, chukua lebo na risiti, ulirudishe. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ipo kwa ajili yako, na duka lenye heshima litakusikiliza.

Kama bonde hakuna, na bado unaamka na maumivu yale yale ya wiki ya kwanza bila kupungua, basi godoro ni zima lakini si lako. Mpe mwenye mwili mzito zaidi nyumbani ikiwa ni gumu, au mwepesi zaidi ikiwa ni laini, nawe uchukue lake. Langu lilinifaa usiku wa kumi na tisa. Mwaka wa sita huu, mbao za kitanda ni kumi na mbili, na bado nalilalia.